Kambi Tatu za Kumwonyesha Mama Mlima

Mama yangu anaishi Ngoliba, mashariki ya Thika, kwenye udongo mkavu wa mbaazi na pojo. Ukisimama uani kwake asubuhi isiyo na mawingu, utauona Mlima Kenya upande wa kaskazini, mdogo kama ukucha. Ameutazama hivyo tangu alipoolewa. Mwaka jana daktari alituambia kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona. Dawa ya matone ingepunguza mwendo wa ugonjwa, lakini haingerudisha kilichopotea. Siku hizi Mama huona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na hilo bomba linazidi kuwa jembamba. Tulipotoka kliniki hakulia. Aliniuliza, "Wambui, huo mlima ukiwa karibu unakaa aje?"

Sikujua. Nina miaka arobaini na mitatu, ninaishi Ruiru, na sikuwa nimewahi kuusogelea.

Hiyo ndiyo sababu ya safari. Trela tulilolala ndani yake nalo lina sababu yake. Mlima hujifunika mawingu mapema asubuhi, kwa hiyo anayetaka kuuona vizuri ni lazima alale karibu nao. Lakini Mama hataki kusikia habari za hoteli. Katika chumba asichokijua hugonga kila kitu, na mwaka juzi alivunjika mkono kwa sababu ya kidato kimoja ambacho hakukiona. Kaka yangu Kariuki, ambaye ana pikapu, akasema tutengeneze kijumba cha kuvutwa. Mama angejifunza kila kona yake kwa mikono kabla hatujaondoka.

Thika, siku moja kabla ya safari. Njoroge, fundi wetu, huchomelea vyuma upande wa Kiandutu, na matrela ameyatengeneza miaka mingi. Nilikuwa nimemchorea kila kitu: kitanda, rafu, meko ya gesi, mlango wa nyuma wenye kidato kimoja kipana. Tulipofika kulichukua, yote yalikuwepo. Ila upande wa kushoto, pale nilipochora ukuta, kulikuwa na dirisha refu kuliko kitanda, linalofunguka kwenda juu na kushikiliwa na vyuma viwili. Chini yake palikuwa na kibao cha kuwekea vikombe.

"Njoroge, hili dirisha ni la nini?"

"La kuuzia."

"La kuuzia nini?"

"Si mtaamua wenyewe? Chai, chapo, smokies. Madam, trela bila dirisha ni jeneza."

"Nilikuchorea ukuta."

"Niliuona. Nikadhani umesahau."

Matrela yote ya Njoroge huegeshwa kando ya barabara kuuza chakula, na wateja husimama kushoto. Mtu kutengeneza trela la kulala tu ni jambo ambalo hakulifikiria. Hapakuwa na muda wa kulirekebisha. Aliahidi kwamba tukirudi angekuwa amekata bati la kuliziba, nami nikapanda garini nikiwa nimenuna. Wakati huo Mama alikuwa ndani, akipapasa ukingo wa kitanda na kuhesabu hatua hadi mlangoni.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Thika. Mama alikaa mbele na Kariuki, mimi nyuma yao na daftari langu. Nilikuwa nimeandika maswali ya kuuliza katika kila kambi. Je, ardhi ni tambarare? Choo kiko karibu, na hakina ngazi? Maji yapo? Mlinzi hulala pale pale? Kariuki akaniongezea swali moja tulipofika Sagana: "Andika kama kuna mahali pa kuzungukia. Kwenda mbele na hii kitu najua. Kurudi nyuma tuombe Mungu."

Saa sita mchana tulifika ukingoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, juu ya Nyeri. Nilitaka kambi ya juu, msituni, lakini mlinzi wa lango, mwanamume mpole aitwaye Gathogo, alilizunguka trela letu mara moja na kutikisa kichwa.

"Huko juu haipandi, madam. Ni kona na matope. Mtakaa hapa chini."

Hapa chini palikuwa pazuri. Nyasi zilikatwa, bomba la maji lilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, choo safi kisicho na ngazi. Niliweka alama ya vema kwa kila swali, nikajiona nimemaliza kazi siku ya kwanza.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, vijana sita walikuwa wamepanga foleni kando ya trela. Walikuwa wamekuja na kanisa lao kutoka Karatina na walikuwa wamelala kwenye mahema jirani. Mama alikuwa ameinua dirisha ili apate mwanga.

"Cucu, chai iko?" mmoja aliuliza, akimwita nyanya kama watu wa huku wanavyomwita kila mama mzee.

"Iko, lakini haijachemka. Kaeni kwa laini."

"Na mandazi?"

"Hiyo muulize huyu msichana wangu. Yeye ndiye manager."

Nilimwaga maji kwenye sufuria. Mama aliwapa chai wote sita na kukataa malipo, na mmoja wao akamwimbia pambio mbele ya kile kibao. Alicheka kama ambavyo sikumsikia akicheka tangu kliniki. Kisha vijana wakaondoka, akauliza, "Sasa mlima uko wapi?"

Nilitazama kule dirisha lilikotazama. Lilitazama choo.

"Uko nyuma ya ile miti," Gathogo alisema, akionyesha upande ule mwingine. "Lakini hapa watu hukujia ndovu."

Saa tano tulishuka tena Nyeri, tukashika barabara ya Naro Moru. Nilikuwa nimeamua kutorudia kosa. Kama shida ni umbali, basi tungelala kwenye mlima wenyewe, ndani ya mbuga, kambi ya kwanza kupita lango. Pikapu ilipanda ikilia. Miti ilizidi kuwa mirefu, ikining'iniza ndevu za kijivu, na baridi ikaanza kutuuma vidole. Kambi ilikuwa na kila kitu daftari lilichotaka, hata uwanja wa kuzungukia. Kariuki aliuzunguka mara mbili kwa furaha tu.

Jumapili, kabla ya jua, nilifungua dirisha. Mama alikuwa ameketi kitandani, blanketi hadi kidevuni, shingo ameinyoosha. Nje palikuwa na ukungu na miti. Saa moja ikafika, ukungu na miti. Saa mbili ukungu uliinuka, ikabaki miti. Nilimpa kikombe, akakiweka kibaoni, kisha akamimina chai pembeni yake bila kujua hadi ilipomchuruzika mapajani. Tulifuta. Sote tulikuwa tukifikiri jambo moja, kwamba mwaka kesho hatutakuwa na haja ya kutafuta kambi.

Saa tatu askari wa mbuga alipita na bunduki yake begani, dada mcheshi kutoka Meru aliyejitambulisha kwa jina la Nkatha.

"Shosho anangoja nini hapo?" aliniuliza, akimtazama Mama.

"Anangoja kuona mlima."

"Lakini si ameukalia?"

Kariuki alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Nkatha alieleza kwa upole. Ukiwa hapa unaona msitu. Vilele viko juu sana, nyuma ya miinuko mingine, na kwa gari huwezi kuvifikia, sembuse kwa trela. Anayetaka kuuona mlima mzima arudi chini kwenye tambarare. Alituelekeza kwa mwalimu mstaafu anayewakaribisha wasafiri kwenye nyasi zake, upande wa magharibi wa mlima, mbele kidogo ya Naro Moru.

"Kwa hivyo nimelala juu yake usiku mzima," Mama alisema tulipokuwa tukifunga virago, "na sikujua?"

"Ndiyo, Mami."

"Basi hata huo umejificha nisiuone."

Tulibaki na usiku mmoja tu. Jumanne Kariuki alitakiwa kazini.

Jumapili, saa nane mchana, kwa Mwalimu Nyaguthii. Nilifungua daftari kwa mazoea. Choo kilikuwa na ngazi mbili. Maji yalikuwa kwenye tangi ng'ambo ya shamba la viazi. Mahali pa kuzungukia hapakuwepo kabisa: lango moja, njia moja nyembamba kati ya ua na viazi, kisha nyasi. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa wote. Mwalimu, mama mrefu mwenye gambuti miguuni na kofia ya sufu, alinyoosha mkono upande wa mashariki.

"Uko hapo. Nyooka na ile nguzo ya stima, kisha inua macho. Kesho saa kumi na mbili utaniambia."

Nilifunga daftari. "Tunakaa hapa," nilisema.

Ndipo nikaona tatizo. Tulikuwa tumeingia tukielekea kaskazini, na dirisha la Njoroge liko kushoto. Lilikuwa likitazama magharibi, kwenye kabichi za jirani. Mlima ulikuwa nyuma ya ukuta mzima wa bati.

Kariuki alijaribu kurudi nyuma ili aligeuze. Ukikata usukani kulia, trela linakwenda kushoto, na ukijirekebisha linajikunja. Mara ya kwanza lilikaribia kung'oa ua. Mara ya tatu gurudumu liliingia kwenye viazi.

"Kijana! Hiyo ni mbegu!" Mwalimu alipiga kelele.

Kariuki alishuka, akashika kiuno. "Hii kitu ina akili ya punda."

Mama alikuwa ameketishwa kando kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa akisikiliza injini muda wote huo.

"Kariuki, wewe umekulia wapi? Tukitoka mtoni na mapipa, mkokoteni uligeuzwa punda akiwa amefungwa?"

Kariuki alilitazama trela.

"Kwani hiyo ina magurudumu mangapi?"

"Mawili."

"Basi mfungue punda."

Ngoliba nzima inajua hivyo. Njia za mtoni ni nyembamba, kwa hiyo punda hufunguliwa, mtu hushika mti wa mbele, na mkokoteni huzungushwa papo hapo juu ya magurudumu yake. Tumeyafanya hayo utotoni mamia ya mara, lakini kwa sababu hili lilivutwa na gari, hakuna aliyeyakumbuka ila Mama. Kariuki aliifungua pikapu na kuisogeza mbele. Mwalimu aliwaita majirani wanne waliokuwa wakitoka kanisani, wakavua makoti na kuyatundika kwenye ua. Waliinua chuma cha mbele, wakahesabu hadi tatu, na trela likazunguka polepole kama mlango. Tuliweka mawe kwenye magurudumu. Mama aliongozwa ndani, akagusa kitanda, akagusa kibao, akauliza, "Sasa nimetazama?"

"Umetazama, Mami."

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, niliinua dirisha. Anga ilikuwa safi. Ilianza kupauka chini, kisha ikawa rangi ya chungwa, na mlima ukatokea wote, kutoka bega hadi bega. Jua lilikuwa likichomoza nyuma yake, kwa hiyo upande wetu ulikuwa giza tupu. Hapakuwa na theluji ya kung'aa, miamba wala rangi zile za kwenye kalenda.

"Mami, pole," nilianza. "Jua liko nyuma yake, umekuwa mweusi tu. Labda jioni ndiyo—"

Aliinua mkono. "Nyamaza. Nauona."

Nilichelewa kuelewa. Kliniki humpimia macho kwa herufi nyeusi kwenye ubao mweupe, kwa sababu weusi juu ya weupe ndicho kitu cha mwisho anachokishika. Mlima wenye mwanga na rangi nyingi ungempotea. Huu ulikuwa umekatwa kama kwa mkasi na kubandikwa juu ya anga. Alianza ukingo wa kushoto, akasogeza kichwa kidogo kidogo kuelekea kulia, akiupitisha mlima kwenye tundu lake kipande kwa kipande. Akifika mwisho alirudi mwanzo. Kariuki alikuwa amesimama nje kwenye baridi, kofia mkononi.

"Kumbe una meno," Mama alisema mwishowe.

Kisha jua likatokeza, mwanga ukamchoma, akafunika uso kwa mikono miwili. Mwalimu alikuja na maziwa ya moto na kumuuliza kama ameuona.

"Nimeuona. Lakini sikuambii ulivyo. Wewe unao kila siku."

Saa tatu mawingu yalikuwa yameshafunga, nasi tukafunga trela.

Thika, saa kumi jioni. Njoroge alikuwa akitungoja, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. Bati jeusi la kuziba dirisha lilikuwa mezani, limekatwa tayari.

"Leteni nizibe," alisema.

"Utaziba mdomo wako," Mama alimjibu. "Nipe chaki."

Njiani nilikuwa nimeandika upya ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa yeyote atakayeniuliza namna ya kuchagua kambi ya milimani. Maswali yale ya choo na maji bado yapo, lakini yamesogezwa chini. La kwanza sasa ni nani anakwenda kuona, na anaona nini. Mwenye macho mazima atafurahi popote.

Njoroge alimpa chaki. Mama aliinamia lile bati, akalipapasa hadi akapata katikati, akachora mstari mmoja mweupe bila kuinua mkono: mteremko mrefu, ncha moja, pengo dogo kama la jino, ncha ya pili, kilele kifupi pembeni, kisha mteremko mwingine.

"Hapo katikati hakuna pengo," Kariuki alisema. "Ni ncha moja."

Nami niliona ncha moja. Nilitoa simu, nikafungua picha niliyokuwa nimeipiga alfajiri ile, nikaivuta kwa vidole hadi ikajaa kioo.

Pengo lilikuwepo.

Njoroge alitazama simu, akatazama chaki. Aliliinua bati kwa mikono miwili, taratibu asije akaufuta mstari, akaenda kuliegemeza kwenye ukuta wa karakana yake.