Gari Lisilozimwa Ugenini

Nyumbani kwetu Gare hakuna mtu mwenye akili anayeegesha gari likitazama mlimani. Gari hulazwa kichwa kikielekea bondeni, jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi betri ikigoma unaondoa jiwe, unaachia breki, na mteremko unafanya kazi ya starta. Kabla ya kona ya kwanza unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, gari linashtuka kama mtu aliyesinzia kanisani, kisha linawaka. Baba ameishi hivyo na stesheni wagoni yake kwa miaka mingi. “Mungu katupa mteremko,” husema. “Betri ni ya watu wa tambarare.”

Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, gari hilo likawa langu kulitunza, maana macho ya baba yameanza kuona ukungu hata siku ambayo ukungu haupo. Sikujua kwamba kulitunza ni kuishi na betri. Fundi mmoja wa Lushoto alisema alteneta haichaji. Wa pili akasema alteneta ni nzima, kuna waya unaovujisha umeme. Wa tatu akasema betri imekufa, tununue nyingine. Tukanunua nyingine, nayo ikafa. Kila jioni nilifungua terminali za betri kwa spana ili umeme usinyonywe usiku, na kila asubuhi nilizifunga tena nikiwa nimeshachoka, kwa sababu nilikuwa nimelala nikiwaza kama nilizifungua kweli au nilidhani tu nimezifungua. Maji ya betri yalitoboa sketi yangu nyeusi, ile niliyoiweka kwa ajili ya usaili. Nililitazama lile tundu nikaona hata kulia ni kazi.

Ndipo zamu ya kaka yangu ya kuposa ikafika. Msichana ni wa Muheza.

Wengine nyumbani walifikiria zawadi, nani atazungumza, vitenge gani vivaliwe. Mimi nilifikiria Muheza. Muheza ni tambarare. Nilijaribu kukumbuka kila barabara niliyowahi kupita kule, nikitafuta japo kibonde kidogo. Nilimwambia baba tuazime gari la jirani.

“Hatuendi kuomba mtoto wa watu kwa gari la kuomba,” akanijibu, akaendelea kupiga brashi viatu vyake.

Nikaipeleka betri kuchajiwa. Nilipoifuata, fundi aliipangusa, akanitazama. “Kwenda itakupeleka,” akasema. “Kurudi mtaulizana wenyewe.”

Tulishuka asubuhi watu wanne. Baba alikaa mbele, na nyuma walikaa baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wetu, pamoja na shangazi aliyepakata vitenge. Kaka alibaki nyumbani, kwani kwetu mwenye kuposa haendi kujiposea. Alituondolea jiwe, akasimama nalo mkononi akitutazama tukitelemka. Kwa majuma alikuwa hali vizuri. Ukoo wa msichana ulishamrudisha mposaji mmoja kwa sababu wajumbe wake walichelewa na hawakuomba radhi, na hilo alinieleza mara nyingi kupita kiasi, kana kwamba mimi sina mawazo yangu ya kutosha. Kutoka Soni hadi Mombo watu husifia maporomoko na mabonde. Mimi niliangalia taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi.

Uani kwa wenyeji wetu palikuwa pamefagiliwa, pamenyooka kama sinia. Nyumba mbele, jiko nyuma, mchungwa mmoja katikati. Wazee wakapokelewa. Nilishuka, nikatoa shikamoo kwa kila aliyestahili, kisha nikarudi garini. Sikuzima. Nilikwisha amua toka Korogwe kwamba sitazima, hata kikao kikiwa kirefu, na nilikuwa nimejaza mafuta kwa ajili hiyo. Niliona nimepanga vizuri.

Baada ya muda mama mmoja mnene alitoka, akaja hadi dirishani kwangu. Alikuwa shangazi wa msichana.

“Mwanangu, humo ndani mmebeba mgonjwa?”

“Hapana, shangazi.”

“Nauliza kwa sababu gari linanguruma. Ndani wanaulizana. Kaka yangu anasema wageni hawa hawajafika bado. Au mnapita tu? Mna posa nyingine Tanga?”

Nikacheka kidogo, yeye hakucheka. Akarudi ndani. Nilianza kutunga maelezo: injini ina joto, haifai kuzimwa ghafla. Kisha nikaona kwamba kwa maelezo hayo nitamkabidhi wifi yangu mtarajiwa uongo kabla hata ya soda. Nilikuwa bado natunga nilipomwona baba mdogo anakuja, mikono nyuma, akitembea taratibu kama mtu anayekagua shamba.

“Zima,” akasema.

“Baba mdogo, nikizima halitawaka.”

“Najua.”

“Watatusukuma. Wakwe watatusukuma.”

“Baba mkubwa wa binti amekataa kufungua kwa sala. Anasema hawezi kumwita Mungu akae na watu waliosimama mlangoni. Wametupa viti, hatujapewa hata maji. Unataka turudi na gari linalowaka na jibu la hapana?”

Nikatazama funguo. Nilimfikiria kaka na lile jiwe lake. Nikazima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mno. Mlangoni yule shangazi mnene akanipungia mkono niingie, na nilipoketi mkekani nilisikia baba mkubwa wa binti akianza kusali.

Yaliyosemwa humo sikuyashika yote. Nilikuwa mkekani lakini akili iko uani, inahesabu wanaume wenye nguvu. Baba mdogo alisema tumeona ua zuri katika bustani yao. Akaulizwa kama ua hilo analijua jina, akalitaja. Wakabishana kwa mizaha kuhusu baridi ya kwetu, kama binti yao atakuwa analala na makoti. Mwishowe akaitwa binti mwenyewe. Aliingia ameinamisha kichwa, akaulizwa kama anawafahamu watu hawa.

“Nawafahamu.”

“Tupokee walicholeta?”

Akanyanyua macho, akatupitia mmoja mmoja. Alipofika kwangu niliona hofu yake, nikaitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. “Pokeeni,” akasema. Shangazi yetu akapiga vigelegele. Ikaletwa pilau, na mimi nikala kama ninayesubiri matokeo ya mtihani.

Kisha tukatoka. Baba akapanda, nikawasha. Gari likatoa mlio mkavu mmoja, likanyamaza.

“Aa,” yule shangazi mnene akasema toka barazani, “sasa nimeelewa. Aliogopa kulilaza lisije likakosa kuamka. Watu wa milimani bwana, mnatembea na maiti mnatuambia ni gari.”

Watu wakacheka, na baba akacheka nao, kicheko kifupi. Alitaka kushuka asukume. Wakamzuia wakisema mkwe hasukumi. Baba mkubwa wa binti akavua koti lake, akalitundika mchungwani, akaweka mabega. Wengine wakafuata. Mchanga wa pale ni mzito, na mimi ndani nilikuwa naona aibu na uchovu kwa pamoja, sijui kipi kinazidi. Mara ya kwanza halikuwaka. Ya pili likakohoa. Ya tatu, nyuma ya jiko, likawaka.

Ningeweza kusimama na kukanyaga mafuta, lakini nilishaogopa kusimama. Nikaanza kuuzunguka mchungwa. Wazee wakaendelea kuagana kama inavyopasa, bila haraka, salamu kwa huyu na salamu kwa yule, na kila nilipowapita niliinamisha kichwa na kusema, “Tunashukuru sana.” Kwenye mlango wa jiko wifi yangu alikuwa amesimama, kitambaa mdomoni. Sikujua anacheka au la. Baba mdogo alidandia gari likitembea, akavutwa na baba kwa ukosi wa shati. Shangazi yetu akaingizwa baadaye, na mapakacha ya machungwa juu yake.

“Siku ya kumchukua,” mzee aliyevua koti akasema akitembea kando ya dirisha langu, jasho usoni, “njooni na gari linalojua kupumzika.”

Njiani mgongo uliniuma. Tulipoiacha Mombo na kuanza kupanda, baba akajikohoza.

“Kanisa lao lile tulilolipita,” akasema, “upande wa nyuma pana kamteremko.”

Shangazi akafumba macho.

Jua lilikuwa linakaribia mgongo wa mlima tulipofika. Kaka alikuwa pale pale pa kuegeshea, jiwe mkononi, utafikiri hakuliweka chini toka asubuhi. Nikageuza gari, nikalilaza kichwa bondeni. Akaja dirishani, midomo imemkauka.

“Wamesemaje?”

“Weka jiwe kwanza,” nikamwambia.

Akainama, akaliweka, akalisukuma kwa mguu kuhakikisha limekaa. Nikazima.