Ridhaa ya Hawa Barisa

Siku yangu ya kwanza kazini niliapishwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Ilikuwa mahakamani Hola. Hakimu aliniambia ninywe maji, nipumue, kisha nianze tena. Nikaapa kwamba nitafasiri kwa uaminifu kutoka Kiorma na Kipokomo kwenda Kiswahili, na kurudi, bila kuongeza wala kupunguza.

Bosi wangu wa kwanza, Karani Mkuu, alinipeleka pembeni akanipa somo moja tu. “Shahidi akisema ‘mimi nilimpiga,’ wewe usiseme ‘anasema alimpiga.’ Sema ‘mimi nilimpiga.’ Kama utaona aibu, Bi. Komora, tafuta kazi nyingine.” Hivyo ndivyo wakalimani wa mahakama tulivyofanya. Kwa miaka mingi nimesema kwa kinywa changu kwamba niliiba, niliua, nilimwacha mke wangu.

Kiorma nilikipata nyumbani, Hewani, kijiji chetu cha Wapokomo kando ya mto Tana. Wakati wa kiangazi wanawake wa Kiorma walikuja mtoni na ng’ombe wao, na mama yangu alibadilishana nao mahindi kwa maziwa. Mimi nilicheza na binti zao. Kwa hiyo Kiorma changu kilikuwa cha maziwa, michezo na mifugo. Cha sheria nilijikokota nacho mwenyewe, na hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Baada ya yale mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa Garsen, nikaazimwa na Afisa wa Watoto. Huyu alikuwa bwana mrefu kutoka bara, mchapakazi, asiyejua lugha hata moja ya Tana. Mafuriko yalikuwa yameondoka na mashamba, ukafuata ugonjwa uliomaliza mifugo na watu pia. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa njia ya Tarasaa kilijaa watoto mpaka wakalala wawili wawili.

Ndipo wageni walipoanza kuja, mume na mke, wengi wao Wazungu waliokuwa wakifanya kazi Malindi au Mombasa. Walitaka kuasili, yaani kumchukua mtoto kisheria awe wao kama waliyemzaa. Mwanzoni walikuja mara moja kila baada ya miezi mingi, kisha wakawa hawakatiki. Vijana mnaniuliza leo kwa nini watu waje mbali hivyo kutafuta mtoto. Huku kwetu wakati huo jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa la kutisha. Watu waliambiana kwamba watoto wanakwenda kutolewa damu, wanakwenda kutolewa macho. Gari letu jeupe likitokea manyatani kwa wafugaji, akina mama walikimbilia vichakani na watoto mgongoni. Niliwaona wakikimbia, na mimi ndimi niliyekuwa nimekaa kiti cha mbele cha gari lile.

Nilianza kuogopa ile kazi kabla sijajua la kuogopa.

Hawa Barisa alikuja ofisini asubuhi moja kutoka kambi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Alikuwa mjane wa Kiorma, kijana bado, amekonda, akikohoa ndani ya mtandio. Ng’ombe wote walikuwa wamekufa, na mume naye. Binti yake Maryamu, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa kituoni kwa sababu hakutakiwa kulala na mama mgonjwa. Mume na mke mmoja wa Kizungu kutoka Malindi walikuwa wameomba kumwasili.

Afisa alisoma fomu ya ridhaa. Hiyo ni karatasi ambayo mzazi anakubali kwamba mtoto si wake tena mbele ya sheria. Aliisoma haraka, nami nikaifasiri haraka. Kiorma nilichokijua hakikuwa na neno la kumkata mtoto kwa karatasi. Nikatumia lile nililolizoea, la kumtoa mtu akatunzwe kwa wengine. Hawa alisikiliza mpaka mwisho, akasema amekubali, nami nikasema kwa Kiswahili, “Mimi nimekubali.” Akatia kidole gumba.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Pale akanishika mkono.

“Dada,” akasema, “nikimaliza dawa, nimfuate mwenyewe Malindi, au wataniletea?”

 Nilimwambia atulie, tutazungumza, na nikamwacha aende. Ndipo nilipolifikiria lile neno. Waorma hulitumia mtu anapompa jamaa yake ng’ombe wa maziwa ili watoto wa yule jamaa wapate kunywa. Ng’ombe atalala huko, atakamwa huko, atazaa huko. Lakini ni wa mwenyewe, na siku mwenyewe akimhitaji atamfuata bila kugombana na mtu. Nilikuwa nimemwambia Hawa kwamba anamwazima binti yake.

Nilirudi ndani nikamweleza Afisa. Alifunga faili taratibu akanitazama.

“Bi. Komora, kazi yako ni maneno. Maana yake niachie mimi. Yule mama huenda asiishi mwaka huu. Unataka mtoto afie kituoni kwa sababu ya neno la ng’ombe?”

Huenda alikuwa na haki. Kisha akaongeza, kwa upole, jambo lililoninyima usingizi: mkalimani aliyefasiri uongo chini ya kiapo anaweza kufungwa.

Ridhaa ile ilingoja kuthibitishwa na hakimu siku ambayo mahakama ya kuzunguka ingefika Garsen. Zilibaki wiki tatu, na wiki hizo nilikonda. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume asiye na kazi.  Kila hatua nje ya ofisi nilidhani ni Hawa amerudi kuuliza.

Aliyekuja ni yule mke kutoka Malindi, jina lake Karin, kumwona mtoto. Alikuwa mwalimu, na Kiswahili alikijua cha kutosha. Afisa alinituma nimsindikize kituoni. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenirahisishia. Lakini Maryamu alimpandia mapajani bila kuitwa, na yeye akamwosha uso kwa maji ya kikombe, pole pole, kama anayeogopa kumwumiza.

Nilimwuliza kwa nini waje mbali hivi. Alinieleza kwamba kwao watu husoma kwanza, hufanya kazi kwanza, huoana wakiwa wamechelewa, na wengi hukuta mimba haiji tena. Walikuwa wametibiwa miaka, mimba zikaharibika. Watoto wa kuasili kwao karibu hawapo tena, kwa sababu msichana akizaa bila mume siku hizi serikali humsaidia amlee mwenyewe, wala hakuna wa kumcheka. Wanaobaki ni wachache na wanaowangoja ni wengi. Yeye na mumewe walingoja foleni mpaka wakaambiwa wamepita umri. Jirani zao walikwenda Asia, wengine Amerika ya Kusini. Wao kazi iliwaleta Kenya, wakaona katika televisheni maji ya Tana yakibeba nyumba.

“Mama yake amekubali, sivyo?” akaniuliza. “Ndilo jambo ninaloliogopa. Isije kuwa kuna mtu anamlilia.”

Nilimwambia fomu ipo ofisini. Nilijichukia njia nzima ya kurudi.

Siku ya mahakama tulikaa katika ukumbi wa chifu. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Hawa alisimama akishikilia meza. Karin na mumewe walikaa nyuma, na Afisa alisimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

Hakimu alisema, “Mwulize kama anafahamu alichotia kidole.”

Nilifungua kinywa, na kama siku ile ya kwanza sauti haikutoka. Nilimwona Afisa akigeuza uso wake kwangu. Niliyaona malango ya jela, nikawaona wanangu. Kisha nikasema kwa Kiorma, bila neno lile, nikieleza kirefu kama anayemweleza mtoto: “Hawa, hatarudi. Ukipona hatarudi. Ataandikwa jina la watu hawa, atafuata dini yao, na mkikutana njiani hatajua kukuita mama. Nilikosea siku ile. Hilo ndilo lililoandikwa.”

Hawa hakulia. Alinitazama kwa jicho nililoliogopa kuliko jela. Kisha akajibu maneno machache, nami nikayasema kwa hakimu kama yalivyokuwa: “Mimi sikumtoa. Mimi nilimwazima, na huyu anajua.”

Hakimu aliniuliza huyu ni nani. Nikasema, “Ni mimi, Mheshimiwa.”

Ridhaa ilifutwa. Mume wa Karin alitoka nje bila kuaga. Karin alibaki amekaa, na nilipopita mbele yake akasema, “Afadhali leo.” Sikuwahi kumwona tena. Hakimu hakunifunga. Alinionya, na Afisa akaandika barua iliyonirudisha Hola, chumba cha mafaili. Hawa alimaliza dawa. Alipona, akamchukua binti yake, wakahamia upande wa jamaa zake.

Watu walioisikia habari hii husema niliondokewa na mzigo. Sivyo. Kule kwenye chumba cha mafaili nilipata nafasi ya kuhesabu. Kabla ya Hawa nilikuwa nimefasiri ridhaa za akina mama watatu wa Kiorma, kwa neno lile lile. Watoto wao walikuwa wameshavuka bahari. Sikumwambia mtu. Miaka yote iliyobaki ya kazi, nikiona mwanamke wa Kiorma amesimama mlangoni, nilihofu ni mmoja wao mpaka ajitaje.

Nilipostaafu niliwatafuta. Mmoja alikuwa amekufa. Mmoja alihama na mifugo, hakuna aliyejua alipo. Wa tatu, Mama Habiba, nilimkuta nje kidogo ya Garsen, mzee sasa, akisuka mkeka mbele ya nyumba yake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa fimbo za wanawe. Nilikaa chini nikamwambia kila kitu bila kumtazama.

Aliendelea kusuka.

“Nilijua mwaka wa tatu,” akasema. “Mvua zilipita na hakuletwa, nikajua. Nilikuwa nikikungoja wewe, kwa sababu wewe ndiwe uliyeniambia.”

Nikamwomba radhi.  Aliuweka mkeka kando, akanisogelea, kwa sababu masikio yake yamekuwa mazito.

“Sasa nisomee ile karatasi niliyotia kidole,” akasema. “Yote, tangu mwanzo. Polepole.”

Karatasi sikuwa nayo, lakini naijua kwa moyo. Nikaanza na mstari wa kwanza.