Saa Moja na Robo Hadi Nairobi

Siku binti yangu wa miaka mitatu alipopaliwa na punje ya mahindi, nilikuwa nikichuma chai. Nilipofika nyumbani hakuwa akilia. Alikuwa akipumua kwa mluzi, sauti imemkauka kabisa. Daktari wa shamba alimsikiliza kifuani, akasema punje imeingia njia ya hewa, itazidi kuvimba, na chombo cha kuitoa kiko Nairobi tu. "Lazima afike leo," akasema. "Kesho ni mbali."

Nairobi, leo! Nao ulikuwa msimu wa mvua. Kwa lori, ukipitia Londiani na Nakuru, ulifika siku ya pili, tena ukibahatika. Nilikaa chini kwenye matope nikamlaumu kila mtu, Mungu akiwa wa kwanza.

Naye Mungu akanijibu mapema kuliko nilivyostahili. Ndege ndogo iliyomleta mgeni wa meneja ilikuwa bado kwenye uwanja wa shamba, ikijiandaa kurudi tupu. Rubani, Mzungu mwenye masharubu mengi, alitandaza ramani juu ya bawa akapima kwa rula. Barabara ilizunguka huko na huko, lakini rula ilienda moja kwa moja, maili mia na ishirini na kitu. "Saa moja na robo, mama," akasema. Sikumwamini. Huo ulikuwa muda wangu wa kujaza kikapu kimoja cha chai.

Mama mkwe hakuamini pia. Safari ya Nairobi haiendwi mikono mitupu, akasema, akanipa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha yenye mkaa, na kifuniko akakikaza kwa nguvu zake zote yasije yakamwagika. "Siku mbili ni nyingi, utaona njaa." Kubishana na mama mkwe ni kazi ya asiye na kazi. Nikakipokea.

Tulipopanda juu ya msitu wa Mau, hewa ikawa nyepesi na kifuniko kikafyatuka. Maziwa ya kijivu yakamrukia rubani shingoni, masikioni, hadi kwenye masharubu.

"Kitu gani hii?" akapiga kelele.

"Maziwa, bwana! Samahani, bwana!"

Mtoto hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Rubani aligeuka, akaiona midomo yake ikianza kuwa buluu. Aliikimbiza ndege ile huku maziwa yakimtiririka mgongoni mpaka tukatua. Nitamshukuru mtu yule hadi naingia kaburini.

Gari la hospitali, lililoitwa kwa redio, lilikuwa likitungoja uwanjani. Kabla ya jioni punje ilikuwa imetoka, nami nikalia mbele ya madaktari bila haya.

Wiki iliyofuata tulirudi kwa basi. Mvua ilikuwa ileile, na karibu na Londiani tulikwama kutwa nzima. Binti yangu, sauti imemrudia, aliimba, akauliza maswali, akagombana na kuku wa abiria. Mzee aliyekaa mbele yetu akachoka. "Mama, nyamazisha huyo mtoto!"

Nikahesabu saa zilizopita tangu tuondoke Nairobi. Siku ile, kama tungepita barabara hii, kwa saa hizo ningekuwa nimepakata maiti.

"Nivumilie, mzee wangu," nikamwambia. "Huyu leo simnyamazishi."