Nyuki wa Mama na Kibao Changu

Kibao chenyewe, kikompyuta cha kujifunzia ufundi, hakizidi kibiriti kwa ukubwa. Kina waifai yake, na safu mbili za vijimiguu vinavyozama kwenye vitundu vya ubao wa majaribio bila kulehemu chochote. Siku kilipowasha taa ya buluu mezani kwangu, Tabora mjini, nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Taa tu. Lakini niliiwasha mimi, kwa mistari minne ya programu, na wiki nzima nilikuwa sishikiki.

Mtu wa namna hiyo hakosi kutafuta pa kujitapia. Mimi nilimpata mama.

Mama anaishi kijijini Kigwa, na mwaka ule alikuwa ametundika mzinga wake wa kwanza. Kwetu mizinga ni ya wanaume. Mjomba, kaka yake, alimwambia kwamba anafuga mijusi, na majirani wakacheka. Msimu mzima ukapita mzinga ukiwa mtupu. Mama alicheka pamoja nao, ila kila asubuhi alikwenda kuuchungulia na kila asubuhi alirudi kimya. Iliniuma.

Nikamwahidi kwamba nyuki wakiingia joto litapanda, na simu yangu itajua hata nikiwa mjini. Yeye asisogee tena pale. Kwenye tawi la pili la mti ule ule nikatundika ndoo tupu ya rangi, ile kubwa, nikaweka humo kibao na betri. Intaneti ilitoka kwenye simu yangu ya zamani niliyoiacha dirishani kwake. Nilichomeka vipimajoto viwili: kimoja mzingani, kingine humo humo ndooni, nisije nikakikaanga kibao kwa jua. Mvua ilikuwa inanyemelea, basi nikachukua bonge la nta jikoni kwa mama, nikaziba kifuniko chote, nikapaka na kando ya tundu la waya, tena bila ubahili.

Siku ya tano simu ikasoma nyuzi thelathini na nne, na haikushuka. Nilirukaruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Wameingia."

"Marahaba. Usinitanie, mwanangu."

"Kweli tupu. Nakuja."

Bodaboda iliponishusha, majirani walikwishajaa, mjomba mbele yao. Mama akasogea, akatega sikio kwenye mzinga. Kimya.

"Hata mijusi wana joto lao," mjomba akasema, kwa upole wa kuudhi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo tukasikia ndoo inavuma. Kwenye tundu la waya nyuki walikuwa wakipishana, wanaoingia na wanaotoka. Nta ndiyo wanayopaka wafugaji kwenye mzinga mpya ili kuwaita nyuki, na pale kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi, fundi. Simu nayo ilikuwa na namba mbili, na sikuwahi kuandika ipi ni ya mzinga na ipi ni ya ndoo.

Tulicheka mpaka mjomba akashikilia mti. Mimi mwenyewe mbavu ziliniuma. Nilipopata pumzi nikaanza kueleza jinsi nitakavyokitoa kibao changu, mama akanishika mkono.

"Ukifungua watahama. Kiache humo."

Kisha akamgeukia kaka yake, machozi yakimtiririka waziwazi.

"Nina nyuki," akamwambia.

Mjomba akaacha kucheka. Akaitazama ndoo, halafu akamuuliza, kama anavyowauliza wanaume wenzake, atarina asali lini.