Mpira wa Misri Uani kwa Bi Mwanaidi

Aibu ya Ijumaa ile sijaimaliza mpaka leo, na ninyi mnaonicheka nikipita (Sefu, usijifiche nyuma ya wenzako, nakuona) mnaijua nusu yake tu, ile nusu ya kuchekesha, ya kanzu iliyochanika na kofia iliyobaki ndani, kwa hiyo afadhali niieleze yote mwenyewe kuliko kuisikia ikitiwa chumvi huko forodhani na wapagazi ambao hata jina langu hawalijui.

Mnajua nilikaa Misri miaka sita nikisoma fikihi na mantiki, nikarudi Bagamoyo na masanduku mawili ya vitabu na tabia moja mbaya, ya kuuliza "kwa nini" kabla mtu hajamaliza kusema. Huko Misri kulikuwa na maofisa wa Kiingereza waliokuja na majeshi yao, nao walikuwa na mchezo wanaouita gofu: mtu mzima, ana masharubu yake na heshima zake, anapiga kimpira kwa fimbo yenye kichwa, anakifuata, anakipiga tena, mpaka akitumbukize katika kishimo, na atakayekitumbukiza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka peke yangu pale barabarani kama mwendawazimu, kwa sababu ule ulikuwa mchezo wetu! Mimi na Athumani tuliubuni tulipokuwa wadogo, tukitoka chuoni kwa maalim, kwa gongo la mkoko na koche, lile tunda gumu la mkoche, tukilipiga kutoka shimo hadi shimo nyuma ya nyumba za mwisho za mji. Nikageuka nimwambie mtu. Hapakuwa na wa kumwambia.

Labda ndiyo sababu nilifanya nilichofanya. Mpishi mmoja wa maofisa wale alikuwa akiuza mipira kwa siri, ya aina mbili: mikuukuu iliyokwanguka, iliyochemshwa na kufinyangwa upya, na mipya kabisa kutoka Ulaya, myeupe, migumu, iliyochorwa vimistari duara zima. Akanitazama nilivyopiga ule mkuukuu kwa majaribio (ulikwenda kushoto, ukampiga punda), akaniambia kwa upole, "Bwana mwanafunzi, wewe hii mibovu inakutosha." Mimi nikaudhika, nikavua joho langu la sufu nikampa, nikachukua mipya mitatu, nikatetemeka kwa baridi hadi msimu ulipokwisha. Hoja yangu ilikuwa hii, na nilidhani ni hoja ya mtu aliyesoma: koche linakwenda upande kwa sababu lenyewe ni la upande, mpira uliokamilika utakwenda panapostahili, kwa hiyo kasoro haiko kwangu, iko kwenye koche.

Basi nikarudi. Siku niliyoshuka sikumkuta mama, alikuwa amekwenda Kiwangwa kwa dada yangu aliyejifungua, nikafungua nyumba tupu nikalala. Asubuhi mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Athumani. Tulikumbatiana. Nikamwuliza, "Habari za hapa?"

"Njema."

"Habari za nyumbani?"

"Njema," akasema, akanitazama, akangoja.

Sasa ninyi nyote mnajua kwetu ilivyo. "Njema" ya kwanza ni adabu tu, ni kumshukuru Mungu. Mwenye zito lake hutangulia kusema njema, akangoja aulizwe tena, na mara ya pili au ya tatu ndipo aseme "njema, ila…" Nalijua hili kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikuwa mtu wa mantiki. Nikacheka, nikampiga begani, nikamwambia, "Jibu moja linatosha, bwana! Kwa nini tuulizane mara tatu kama mashahidi mbele ya kadhi?" Na papo hapo nikaanza kumsimulia Misri. Athumani akafunga mdomo. Nilipomaliza (sikumaliza upesi) akasema, "Vyema, Saidi. Umerudi salama," akaenda zake.

Tangu hapo hakuja kwangu. Nilikula peke yangu samaki aliyepoa, nikasoma peke yangu, nikabishana peke yangu, na nikajiambia kwamba Athumani ana wivu wa elimu yangu (ndivyo tunavyojiambia sisi wenye elimu tusipotembelewa). Siku moja baada ya sala ya adhuhuri nikamkuta barazani pa msikiti na wenzake, nikaona ndiyo nafasi ya kumvuta, na mimi sina kamba ya kumvutia mtu ila ubishi. Nikaleta suala la eda. Nikauliza kwa nini mjane afungiwe ndani miezi minne na siku kumi asionekane na mwanamume asiye maharimu wake. Kama ni kuhakikisha hana mimba, nikasema, basi kizee wa miaka sitini ana mimba gani? Nikaitazama baraza nzima, nikingoja jibu. Sefu, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Athumani alisimama, akavaa makubadhi yake, akaondoka bila kuaga.

Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Wallahi nilidhani hivyo.

Nikarudi nyumbani mshindi, nikakaa na ushindi wangu mpaka ukanichosha. Ndipo nikaikumbuka mipira. Nikasema, maneno yamekataa, labda mchezo utakubali. Nikimpa Athumani gongo mkononi na tukasimama tena pale tuliposimama tukiwa wadogo, kiburi chake kitayeyuka. (Kiburi chake!) Nikamtuma Sefu awaite wenzetu wote wa zamani, Ijumaa baada ya alasiri.

Wakaja, na wapagazi waliokuwa wamepiga kambi jirani wakaja pia kutazama, kwa kuwa mtu anayengoja msafara hana kazi nyingine. Athumani naye alikuja, lakini alikaa pembeni juu ya gogo, amekunja mikono, na nilipomnyoshea gongo alitikisa kichwa.

"Leo nitatazama," alisema.

Nikautoa mpira kwenye kitambaa. Sefu akauchukua, akaunusa, akaugonga kwenye jino lake. "Maalim, hili ni yai la ndege gani?"

"Ni mpira wa gofu. Mmoja huu umenigharimu sehemu ya joho."

"Na huu mpira unamjua anayeupiga?"

"Hauna haja ya kumjua. Umetengenezwa kwenda sawa."

"Basi sisi tukae, uende wenyewe."

Wapagazi wakacheka kabla hata ya kutafsiriwa. Wenzangu walipiga makoche yao, yakajikokota, yakadunda, yakasimama popote, na mtu akipoteza la kwake anaokota jingine, maana yamejaa chini ya mikoche kama mawe. Sefu alinipa koche moja, zuri, la mviringo. Akasema, "Anza na hili mkono upate moto." Hapo ndipo ulipokuwa uamuzi wangu mdogo. Nililishika lile koche, nikalipima, nikalitupa. Nikauweka mpira wa Misri juu ya kichuguu cha mchanga, nikamtazama Athumani kuhakikisha ananitazama, nikapiga.

Nataka niseme kweli hapa: sijawahi kupiga vizuri vile. Mpira ulilia kama kitu kilichovunjika, ukapaa, watu wakasema "Ehee!" kwa pamoja, nami kwa muda wa pumzi moja nikawa si mpweke, nikawa mtu wa Bagamoyo aliyefanya jambo machoni pa watu wa Bagamoyo. Kisha ukapinda. Koche langu lingepinda likaangukia hatua thelathini mbele, majanini. Mpira ule ulikuwa na nguvu zake zote za Ulaya, ukapinda nazo zote, ukaruka ua wa makuti wa nyumba ya kina Athumani, tukasikia mtungi ukipasuka.

Sefu akaita, "Wacha, Maalim! Chukua koche, tuendelee!"

Hilo ndilo neno ambalo mwenye mpira wa bei hawezi kulisikia. Nikaanza kukimbia. Nyuma yangu wakapiga kelele, "Saidi! Usiingie hapo! Rudi!" na mimi nikadhani wananifanyia hila nishindwe pigo, nikazidi mbio. Ile ni nyumba niliyokulia. Baba yake Athumani, Mzee Mwinyimvua, ndiye aliyenibebea sanduku langu begani hadi ufukweni siku niliyosafiri, akakataa mtu mwingine alishike. Na mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa akinilisha kabla ya mwanawe. Kwa hiyo nilisema "Hodi!" na mguu ukiwa tayari ndani ya mlango wa uani.

Palikuwa na wanawake wawili. Mmoja alikuwa Bi Tatu, dada yake Bi Mwanaidi, anapepeta mchele. Mwingine alikaa juu ya mkeka, amejitanda bafta nyeupe tupu, hana pete, hana wanja, hana ua la asumini, naye aliponiona alijifunika uso na kugeukia ukuta. Vigae vya mtungi vilikuwa miguuni pake na maji yanatambaa juu ya mkeka. Na mimi, msomi wa fikihi, niliyeweza kuwatajia hukumu zote za eda ukurasa kwa ukurasa, nilifanya nini? Niliinama kutazama chini ya kitanda cha kamba. Niliuona mpira. Nikaunyoshea mkono.

"We Saidi!" Bi Tatu aliangusha ungo, mchele ukamwagika. "We mwana hizaya! Unaingia kwa mwanamke mwenye eda?"

Bado nimeinama, mkono uko chini ya kitanda, nikauliza (niliuliza kwa sauti, na nje walisikia), "Kwani nani amekufa?"

Bi Tatu alichukua ufagio.

Yule aliyegeukia ukuta ndiye aliyesema, polepole, ndani ya nguo yake, "Mwache, Tatu. Mtoto hajui." Na nilipoitambua sauti ya Bi Mwanaidi nikaelewa yote kwa mara moja, ile "njema" iliyongoja, makubadhi yaliyovaliwa barazani, vidole vya miguu vya Sefu. Nikatoka kinyumenyume, ufagio unanifuata, kanzu ikanasa kwenye boriti ya ua ikachanika kutoka kwapani hadi gotini, kofia ikaanguka ndani, na mpira nikauacha.

Nje walikuwa wamejipanga wote. Mmoja wao, sitamtaja, akasema, "Maalim alitupa somo barazani, leo ametuonyesha kwa vitendo," na wapagazi wakacheka, wakapiga makofi, wakadhani ndiyo sehemu ya mchezo. Nikatafuta uso wa Athumani. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika.

"Umeingia kwetu kufuata mpira," alisema. "Kwa baba hukuingia." Akanipita, akaenda kumfariji mama yake.

Nilibadili kanzu nikarudi kabla ya magharibi, nikakaa peke yangu barazani pao. Matanga yalikwisha zamani, alikuwa amezikwa nikiwa bado melini, wala hapakuwa na mkeka uliotandikwa kwa ajili ya wageni. Mtu aliyechelewa hivyo hukaa juu ya jiwe. Waliopita walinisalimu kwa mkato na kuendelea. Nikafikiri juu ya yule mpishi wa Misri. Nikaona kwamba nilitaka ule mpira mzuri si kwa sababu ningecheza vizuri zaidi, ila ili nionekane mtu ambaye angeweza kucheza vizuri. Na kwamba aliye hodari hunufaika kwa mpira bora kwa kuwa anajua anaupeleka wapi, ila mimi uliniongezea tu umbali wa kupotea.

Athumani akatoka. Alikuwa na kofia yangu na mpira, akaviweka juu ya baraza katikati yetu, hakukaa.

Nikasimama. "Habari za nyumbani, Athumani?"

Akanitazama usoni. "Njema."

Nikangoja. "Habari za nyumbani?"

"Njema," akasema, sauti imepungua.

"Habari za nyumbani, ndugu yangu?"

"Njema, ila baba amefariki, Saidi."

Tukalia pale, kila mmoja upande wake wa ule mpira.

Mtaniuliza kama basi tumepatana. Aliipokea pole yangu, na eda ilipokwisha Bi Mwanaidi aliniletea sahani ya vitumbua kwa mkono wa Bi Tatu (bila ufagio, alhamdulillahi). Mipira yote mitatu nimempa Sefu, anafukuzia kunguru. Mimi nikicheza hucheza na koche, na likiingia uani kwa mtu naliacha liote. Na nimeapa kutomwuliza mtu kwa nini kabla sijamwuliza habari, tena mara tatu, hata akiwa na haraka, hata mkinicheka.

Lakini Athumani ni mtu wa kushika neno la mwenzake. Nikikutana naye asubuhi husimama, hunipa mkono, huniuliza, "Habari, Saidi?" Nasema, "Njema." Halafu nangoja. Naye hutikisa kichwa kwa heshima, kwa kuwa niliwahi kumwambia kwamba jibu moja linatosha, akapita.