Fimbo Iliyolia Kabla ya Msiba

Nitawaambia, lakini mniache nimalize kwanza ndipo mcheke, maana aibu hii ni yangu na nimeshaizoea, hata sokoni wauza samaki wananiita Fundi wa Kilio nami naitika, nitafanyaje.

Mnajua kazi yangu. Nilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, nikapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani kama wengine, na leo nina atelye, karakana ndogo, hapa Nchelenge upande wa Zambia karibu na maji, yenye mashine moja ya kuchongea miti: mti unabanwa ncha mbili, kichwani na mkiani, unazunguka kwa umeme, na wewe unausogelea na patasi. Nyuma ya ua wangu wa nyasi alikuwa anakaa Ba Mwila, mvuvi mzee wa Kibemba, mgonjwa, huo ukiwa mwezi wake wa nne kitandani, na binti yake Chanda ndiye niliyekuwa namtaka (acheni kuguna). Jumapili ile familia ilikuwa ikae na kunijibu kama wanamtoa binti yao kwa mkimbizi au hapana. Nilipokwenda kumwangalia mzee, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki.

“Fundi, unitengenezee fimbo. Ikuwe mwembamba, mukono yangu hii haiweze tena kubeba kintu kizito. Siku ya Mungu nataka nisimame mbele ya bantu.”

Sasa, mti mwembamba na mrefu ukizunguka unataka kucheza katikati, kama kamba ya watoto kuruka. Ndiyo maana mjomba wangu kule Lubumbashi alinifundisha kuweka lineti, yaani mkono wa mbao unaosimama katikati ya mashine na kuushika mti mgongoni usitetemeke, halafu mkia unaukaza kidogo tu, kwa adabu. Nilijua yote hayo. Lakini ilikuwa Ijumaa, umeme ulikuja saa tatu asubuhi na saa saba ungeondoka, kuifunga lineti vizuri kunakula nusu saa, na Chanda alikuwa amesema atapita mchana kuiona fimbo (hapo ndipo akili ilipotoka). Nikasema moyoni, leo nitafanya bila. Badala ya lineti nikaukaza mkia, nikaukaza tena, mti wenyewe mulombwa, mwekundu, mzuri, nikaona umepinda kidogo kama mgongo wa mtu aliyebeba mzigo, nikajidanganya kwamba ukizunguka utanyooka.

Mwanzoni ulipiga mluzi. Nikaziba masikio kwa pamba, nikaendelea. Fimbo ilipofika unene wa kidole gumba, mluzi ule ukashuka, ukawa sauti. Siwadanganyi, ilikuwa sauti ya mwanamke. Nikisogeza patasi kulia inapanda, nikirudi kushoto inavunjika katikati kama mtu anayekosa pumzi, halafu inaanza upya. Mtu mwenye akili angezima, lakini mimi nilibakiza shubiri mbili tu, nikaogopa na nikaendelea, vyote kwa pamoja, mpaka fimbo ikaruka, ikakatika vipande viwili, kimoja kikapita karibu na sikio langu na kugonga bati la ukuta.

Nikazima mashine, lakini kilio hakikuzimika.

Nilisimama pale vumbi likishuka polepole, mashine imetulia kabisa, na ile sauti inaendelea, sasa si moja, ni tatu, ni kumi, zinatoka pande zote. Nikatoa pamba masikioni ili niache kusikia wazimu wangu, ndipo zikawa kubwa zaidi. Niliogopa kama mtoto. Nilimwomba Mungu anisamehe hata madhambi ambayo sijayafanya.

Nanyi mnajua jinsi kilio kinavyosafiri hapa kwetu. Mwanamke mmoja akilia kwenye nyumba ya mgonjwa, hakuna anayeuliza, anayesikia anaitikia huku anakuja. Mama Bupe, dada yake Ba Mwila, alikuwa mchangani akianika chisense, akasikia kilio upande wa nyumba ya kaka yake, akaacha samaki wadogo wale kwa kunguru, akafunga kitenge kiunoni na kuanza kulia. Wengine wakamwitikia. Mitumbwi iliyokuwa inaelekea ziwani ikageuza, maana siku ya msiba hakuna anayetega wavu. Nilipozunguka ua, wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wameketi chini kwenye uwanja wa mzee, na Chanda alikuwa anakuja mbio kutoka kisimani, bila ndoo. Mimi nikatokea katikati yao, mikono na shati vyekundu kwa vumbi la mulombwa. Waliokuwa karibu nami wakajitenga, wakidhani ni damu.

Kabla sijafungua kinywa, mlango ukafunguka. Ba Mwila alisimama pale, ameshika ukuta, mara ya kwanza kusimama tangu augue. Kilio kikakatika mara moja. Akatutazama sote, mmoja mmoja.

“Nani alikufa?”

Nikasogea mbele, nimeficha mikono mgongoni.

“Ni mashine, batata,” nikasema, nikimwita baba kwa lugha yao, na sauti yangu ilikuwa ndogo sana. “Ni ile fimbo yenu. Sikuishika muzuri, ikaanza kutetemeka.”

“Fimbo yangu,” mzee akasema. “Kumbe ni mimi iko inalilia.”

Wengine wakacheka, mama mmoja akanipiga mgongoni kwa kanga yake, na Chanda alijifunika uso, sikujua ni kicheko au nini. Mama Bupe hakucheka. Alijipangusa magoti, akasema bila kunitazama, “Kilio ikishatoka, hairudiake mu kinywa.”

Jumamosi nikaifunga lineti, nikakaza mkia kwa adabu, nikachonga fimbo nyingine, haikutoa hata mluzi. Jumapili mzee akasimama nayo mbele ya watu na kusema wanipe Chanda, kwani fundi anayejua kuomba msamaha si mtu mbaya. Nilifurahi mpaka nikaona aibu imekwisha.

Siku kumi baadaye, asubuhi, kilio kikatoka tena nyuma ya ua. Mchangani wanawake waliendelea kugeuza samaki. “Ni fundi na mashine yake,” walisema. Mitumbwi ikaenda ziwani. Chanda alilia peke yake karibu na baba yake aliyekwisha kata roho, akiita, na hakuna aliyemwitikia, mpaka sauti ikamkauka.

Na mimi? Mimi nilikuwa atelye, hatua thelathini tu. Umeme haukuwapo tangu jana yake. Niliisikia sauti ile, nikageuka nikaitazama mashine. Haikuwa inazunguka, hata mti haukuwamo, na bado nilisimama mbele yake nikiisubiri inyamaze.

Sichongi tena mti mwembamba bila lineti, hata anayeutaka awe chifu, hata umeme ubakize dakika tano. Chanda ni mke wangu sasa. Hajaniuliza hata siku moja kwa nini mimi, niliyekuwa karibu kuliko wote, nilifika wa mwisho.