Shimo Nililoliona Karibu na Ahero

Mimi niliacha shule darasa la sita, na sioni haya kulisema. Nilianza kwa kubeba abiria kwa baiskeli pale mtaa wa Manyatta, Kisumu, kabla pikipiki hazijatufukuza barabarani. Leo nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi. Kundi letu lilipoendesha baiskeli kutoka Mombasa mpaka Kisumu, lori la kubeba maji na magodoro lilikuwa langu, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Tulikuwa watu kumi na wawili, mimi mzee kuliko wote. Ile milima ya Mau niliipanda bila kushuka. Vijana walishuka wakasukuma.

Hayo yote ni kweli, na nimeyasimulia mara nyingi. Hili lingine sijalisimulia.

Kwenye kundi la baiskeli, aliye mbele ndiye macho ya aliye nyuma. Yule wa nyuma anakaa karibu kabisa na gurudumu lako ili umkingie upepo, kwa hiyo haoni kitu ila mgongo wako. Ukiona shimo, unalionyesha kwa mkono na kuita, naye anamwonyesha wa nyuma yake, mpaka wa mwisho. Tangu Mombasa nilionyesha mashimo mpaka bega likauma.

Siku ya mwisho, karibu na Ahero, nyuma yangu alikuwa fundi cherehani wa soko la Kibuye, rafiki yangu tangu enzi za kubeba abiria. Fulana zote tulizovaa alizishona yeye. Wengine tulikuwa tumewaacha kidogo.

"Jakom," akaniita, ndivyo Wajaluo tunavyomwita mwenyekiti, "hiyo tumbo yako inazuia upepo vizuri. Huku nyuma mimi nimelala tu."

"Lala. Nitakuamsha Kisumu."

"Kisumu nitafika mbele yako. Watu wako wa duka wataniimbia mimi."

Alikuwa anatania. Lakini wafanyakazi wangu walikuwa wananingoja na kitambaa chenye jina langu, na mke wangu nilishamwambia nitaingia wa kwanza. Na nilijua huyu akitaka kunipita, atanipita.

Nikakaza mwendo. Shimo lilikuwa kushoto, limejaa maji ya mvua. Nililiona mapema. Kulionyesha ni kuachia usukani kwa mkono mmoja na kupunguza kasi. Nikalikwepa, nikanyamaza. Nikasikia chuma kikigonga lami, halafu nikamsikia yeye.

Niligeuka mara moja. Wengine walikuwa wanamfikia, na lori lilikuwa nyuma yao. Nikajiambia watamchukua. Nikaingia Kisumu wa kwanza, mikono juu, nikapigwa picha nikiwa na fulana aliyonishonea.

Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, ule wa mkasi. Tulipoenda kumwona hospitali, kijana mmoja alimuuliza, "Kwani Jakom hakukuonyesha?"

"Alionyesha," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia mashamba ya mpunga."

Walicheka. Lakini kwenye mkutano wetu wa Jumamosi wakaamua safari ijayo asiende, maana mtu asiyeangalia barabara atawaangusha wengine. Mkutano niliuongoza mimi. Niliuliza kama kuna anayepinga, nikaangalia watu wote usoni, nikafunga kwa maombi.

Baada ya plasta kutolewa nilimfuata Kibuye. Alikuwa anajaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na mkasi unatafuna. Mke wake alikuwa kwenye cherehani. Nikasema, "Ile shimo niliiona."

Hakuinua kichwa. "Najua. Ulikwepa. Mtu hakwepi kitu hajaona."

"Sasa mbona uliwaambia nilionyesha?"

"Walikuwa wamesimama hapo wote, na wewe ndio mkubwa wao. Nilidhani utasema mwenyewe."

Nikashika ncha ya kitambaa ili kisimtoroke. Alikata mpaka mwisho, mstari ukapinda, akautazama.

"Mimi umeniambia," akasema. "Lakini aliyenifukuza kwa kundi si mimi. Waambie wao."

Nikamwambia nitawaambia Jumamosi. Jumamosi tatu zimepita. Kila mara nafika wa kwanza, nawanunulia wote chai na mandazi, nawaeleza vile nilivyopanda Mau bila kushuka, wanapiga makofi. Halafu narudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nisipite Kibuye.